Nasaba ya Kipindupindu na Wajibu Wetu

Kila kipindupindu kinapozuka Visiwani, huulizwa swali lile lile: kimetoka wapi? Wapo wanaowalaumu wasafiri wa baharini, na wapo wanaolaumu visima vyetu wenyewe. Leo ubishi huo unaweza kupunguzwa, kwani wataalamu husoma vinasaba vya vijidudu vya maradhi hayo na kutambua koo zao, hata vinapofanana kwa sura.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, uliolinganisha vinasaba vya sampuli zaidi ya 1,000, ulionyesha kwamba tangu mwaka 1970 kipindupindu cha aina ya El Tor kimeingizwa Afrika kutoka nje si chini ya mara 11. Aidha, vijidudu hivyo hubadilika. Huko Beira, nchini Msumbiji, mwaka 2004 vilionekana vya El Tor vilivyobeba sumu ya aina ya kale.

Elimu hii si ya vitabuni tu. Iwapo vijidudu vya Unguja na Pemba vitafanana na vya Tanzania Bara vya msimu huo huo, tutajua kwamba bandari na madiko yanahitaji uangalizi zaidi. Iwapo vitafanana na vyetu vya miaka iliyopita, itatubidi tushuku kwamba maradhi yamebaki miongoni mwetu. Tena, baadhi ya koo hustahimili dawa ambazo koo nyingine haziziwezi, na daktari anapaswa kulijua hilo mapema. Kwa hiyo tunaiomba Serikali ihakikishe kwamba sampuli za kila mlipuko zinahifadhiwa, zinachunguzwa na kulinganishwa na za Bara bila kuchelewa.

Hata hivyo, asitokee mhusika wa kujificha nyuma ya nasaba. Kusema maradhi ni mageni hakuzibi bomba lililopasuka wala hakujengi choo. Tangu mlipuko wa mwaka 1978 Visiwa vimepatwa mara kwa mara, na mpango wa kutokomeza kipindupindu wa mwaka 2018 hadi 2027 ulikusudiwa kumaliza adha hiyo. Kila ukoo wa kijidudu hiki huingia kwa kinywa, kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi.

Wananchi nao wana wajibu wao: kuchemsha maji, kunawa mikono, na kumpa mgonjwa maji ya chumvichumvi huku akikimbizwa hospitali. Maabara na itwambie mgeni katoka wapi. Kumnyima makaazi ni kazi yetu sote.