Juu ya Maji, Mvuvi Ndiye Shefu

Kila mwaka kipwa kinapofika, mvua zinapokwisha na barabara zinapokauka, habari ni moja katika kambi zetu: «Siku ya Yenga tutaenda ziwani.» Watu wa Kolwezi wanataja Nzilo, watu wa Likasi wanataja Mwadingusha. Mama wanapanga bukari na samaki, watoto wanahesabu siku, na wanaume wanakusanya franka za kukodi mtumbwi wenye motere. Ni jambo zuri. Mtu anayetumika juma nzima katika vumbi na kelele anahitaji hewa safi, na watoto wake wanahitaji kumwona akicheka mchana. Ukurasa huu hauwaambii mbaki nyumbani. Unawaambia kwamba safari ya ziwa inapaswa kupangwa kama kazi inavyopangwa, na kwamba juu ya maji mkubwa ni yule anayeyajua maji.

Wengine watajibu: «Usalama ni wa kazini. Siku ya Yenga ni yetu, mtuache tupumzike.» Mwenzangu, fikiri kidogo. Kazini huingii karieri bila kaske kichwani. Kamyo isiyo na breki nzuri haitoki. Ukishuka chini ya udongo jina lako linaandikwa, na ukipanda linaangaliwa tena. Lakini kule ziwani, mahali umempeleka mke wako na watoto wako, mara nyingi hakuna wa kuhesabu na hakuna wa kusema «simama». Basi, ni kusema kwamba mfanyakazi analindwa kuliko mtoto wake? Maji hayajui siku ya Yenga.

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linahesabu kwamba katika mwaka 2021 watu karibu 300.000 walikufa maji duniani, na wengi wao ni wa nchi kama zetu. Hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ilizama katika ziwa Kivu mbele ya Kituku, huko Goma, ikiwa imebakiza kidogo tu kufika. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa, na waliosimama nchi kavu waliona kwa macho. Kwa hiyo usiseme: «Sisi hatuendi mbali, tunazunguka karibu na ukingo.» Ukaribu wa ukingo haumsaidii mtu asiyejua kuogelea.

Ujue pia ziwa unalokwenda. Nzilo, ambalo zamani liliitwa Delcommune, lilizaliwa mwanzo wa miaka ya 1950, ukuta wa umeme ulipofunga mto Lualaba. Ziwa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ni la mwaka 1930. Maziwa hayo yalitengenezwa na watu. Yalifunika mabonde, na mabonde yalikuwa na miti. Tena maji yake hupanda wakati wa mvua na kushuka wakati wa kipwa. Kisiki ambacho mtumbwi ulipita juu yake mwezi wa 5 bila kukigusa kinaweza kuutoboa mwezi wa 9. Na karibu na ukuta wenyewe, mahali maji yanapovutwa kwenda kwenye mashine, mtumbwi wa matembezi hauna kazi. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Ndiyo maana ninasema mvuvi ndiye shefu. Katika ekipe yetu kuna enjenia, kuna kapita, kuna mwenye miaka 25 ya kazi. Wote tunawaheshimu. Lakini mkifika ziwani, mvuvi wa pale anayeamka na upepo ule kila siku anajua zaidi kuliko wote. Akisema «Leo hapana», ni hapana, hata kama shefu wa kazi amekwisha kusema ndiyo. Mara nyingi mvuvi anaogopa. Anawaona wakubwa wa kompani, wenye franka mkononi na sauti ya kuamuru, naye ni mtu maskini anayehitaji franka hizo. Atanyamaza, atawasha motere. Kimya chake ni hatari kuliko upepo. Basi mkubwa wa ekipe aseme mbele ya watu wote, kabla ya kupanda: «Leo huyu ndiye anatuamuru, na mimi pia.» Maneno hayo hayapunguzi heshima yake hata kidogo.

Kuna jambo lingine linalowasukuma watu majini siku mbaya: franka zilizokwisha kutolewa. Kila mtu amechanga, nyama imenunuliwa, basi limekodiwa. Upepo unapovuma, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Dawa yake ni rahisi. Siku ya kuchanga, kubalianeni na mwenye mtumbwi: upepo ukizuia safari, atapewa sehemu fulani, na zinazobaki zitangoja siku nyingine. Mkila nyama yenu kwenye ukingo, chini ya mti, hamkupoteza kitu. Jambo ambalo bei yake imekwisha kukubaliwa linaamuliwa kwa akili baridi.

Halafu hesabu ya watu. Wengi wanauliza: «Mtumbwi huu una nafasi ngapi?» Ulizo lililo sawa ni hili: «Tuna jile za kuelea ngapi?» Jile zikiwa 8, watu ni 8 pamoja na mwenye motere, hata kama kuna nafasi ya 15. Wengine wangoje safari ya pili. Mtoto avae jile ya kipimo chake, iliyofungwa vizuri, kwa sababu jile kubwa humtoka kichwani anapoanguka. Na jile iliyowekwa chini ya kiti ni kama kaske iliyobaki nyumbani. Msisahau uzito wa vitu: bido moja ya lita 20 za maji ina kilo 20. Makreti, masufuria na mkaa vibaki nchi kavu.

Saa pia ina maana. Wakati wa kipwa upepo wa kusini-mashariki unaweza kuinua mawimbi upesi. Mwezi wa 10, mvua za kwanza zinakuja na radi. Basi pandeni asubuhi, ziwa likiwa limetulia, na mshuke kabla upepo haujawa mkali. Mwenye motere asinywe pombe, wala watu wawili waliochaguliwa kuangalia watoto. Wao wanywe munkoyo mtamu au maji. Bia ingoje mpaka mtumbwi umefungwa.

Kwa afya, angalia bilarziozi. Mdudu wake anatoka katika konokono za maji yaliyotulia, penye majani, na anaingia mwilini kwa kupita ngozi katika dakika chache tu. Wanakuwa wengi zaidi wakati wa jua kali la mchana. Usiwaache watoto wacheze ndani ya matete. Kama baada ya majuma mtu anakojoa damu, au anaumwa tumbo na kuona damu katika choo, aende lopitali. Dawa iko, inaitwa praziquantel. Na katika matete hayohayo mamba na kiboko wanaweza kuwako: muulize mvuvi.

Mwisho, kama mtu amezama, usimning'inize kichwa chini wala usimkandamize tumbo ili maji yatoke. Unapoteza dakika, na ubongo usiopata hewa huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Mlaze chali. Kama hapumui, inua kidevu chake, ziba pua, mpulizie pumzi 5 kinywani. Kama bado hajaamka, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na upesi, pumzi 2, tena 30, bila kuacha, huku mwenzako akitafuta gari. Hata akiamka, apelekwe lopitali, kwa maana maji yaliyoingia katika mapafu yanaweza kumrudia baadaye.

Ndugu msomaji, ukate karatasi hii, uiweke mfukoni siku ya safari. Andika juu yake majina ya wote waliopanda, na uyasome tena watu wanaposhuka. Mkiwa 23 asubuhi, muwe 23 jioni. Siku ya kwanza ya juma, kapita akiita majina kazini, kila mmoja aitikie, na kila mtoto awe katika masomo, akiwasimulia wenzake namna ziwa lilivyong'aa.