Kocha Mpya Hakujiajiri

Hakuna habari inayowatia mashabiki wa kandanda wazimu kama ile ya klabu yao kuajiri kocha mpya. Hata ushindi wa mabao matano haufui dafu mbele yake. Siku hiyo kila mtu huwa mtaalamu. Katika chumba cha walimu, mwalimu wa Hisabati hukosana na mwenzake wa Historia. Bwenini taa huzimwa lakini mjadala hauzimwi. Na ndani ya matatu, utingo huacha kudai nauli ili atoe maoni yake. Mmoja huapa kwamba mkombozi amewasili. Mwingine huapa kwamba klabu imekwisha. Wote wawili hawajamwona mtu huyo akiongoza hata zoezi moja la asubuhi.

Sina ugomvi na kelele zenyewe. Shabiki asiyepiga kelele ni mtazamaji tu. Ninachokilalamikia ni kwamba kelele hizo humlenga asiyestahili. Kocha hakujiajiri. Wapo watu waliokaa faraghani wakataja majina, wakayachuja, kisha wakatia saini. Hao ndio wanaofaa kuulizwa walikuwa wakitafuta nini, na wakati mwafaka wa kuwauliza ni siku ile ile anapotangazwa, kwa maana mambo yakiharibika baadaye watakuwa wamejificha nyuma ya mgongo wake.

Chukua Manchester United, klabu ambayo wafuasi wake humu nchini ni wengi kuliko wa klabu zetu kadhaa zikijumlishwa pamoja. Mnamo Mei 2013, Alex Ferguson alitangaza kustaafu baada ya zaidi ya miaka 26 na mataji 13 ya ligi. Siku iliyofuata akatajwa mrithi wake, David Moyes, aliyekuwa ameinoa Everton kwa miaka 11. Alipewa mkataba wa miaka sita. Ferguson mwenyewe ndiye aliyempendekeza, na alipokuwa akiwaaga mashabiki uwanjani Old Trafford aliwasihi wasimame na kocha mpya. Wakasimama naye. Walitundika bango kubwa lililomwita Mteule. Lakini kufikia Machi 2014, kundi la mashabiki lilikuwa limekodi ndege ndogo ikapita juu ya uwanja ule ule, mechi ikiendelea, ikivuta bango la kutaka aondoke. Mwezi uliofuata akamwaga unga, hata miezi kumi kazini hajatimiza.

Je, Moyes alikuwa mbumbumbu? Mtu huyo huyo, mnamo Juni 2023, aliiongoza West Ham kuishinda Fiorentina mjini Prague na kutwaa kombe la Ulaya la Conference League. Kilichokosekana mwaka 2013 hakikuwa akili ya kocha pekee. Ferguson alipoondoka, aliondoka pamoja na David Gill, mtendaji mkuu aliyekuwa akiendesha shughuli za klabu. Nafasi ya Gill ikachukuliwa na Ed Woodward, mtu aliyetoka katika mambo ya benki na biashara. Kipindi chao cha kwanza cha usajili kikayoyoma, na mchezaji pekee wa kutajika waliyempata, Marouane Fellaini, akanaswa siku ya mwisho kabisa. Nani aliyeulizwa kuhusu hayo siku Moyes alipotangazwa? Watu walikuwa wakibishana kama uso wake unafanana na uso wa bingwa.

Baada yake wakaja wengine. Louis van Gaal alitwaa Kombe la FA mwaka 2016, na siku mbili baadaye akapigwa kalamu. José Mourinho alishinda makombe mawili mwaka 2017, akafukuzwa Desemba 2018. Ole Gunnar Solskjær aliimaliza ligi ya 2020/21 katika nafasi ya pili, na Novemba mwaka huo wa 2021 akaonyeshwa mlango. Kila mara ngoma ilikuwa ile ile: shangwe, subira, manung'uniko, ghadhabu, kisha jina jipya na shangwe tena.

Kisa cha Erik ten Hag ndicho kinachonikera zaidi. Mnamo Mei 2024 alishinda Kombe la FA. Wakuu wa klabu, pamoja na wale wapya walioingia na bwanyenye Jim Ratcliffe mwanzoni mwa mwaka, wakatumia majuma kadhaa wakipima iwapo abaki au aondoke. Mwishowe wakaamua abaki, tena Julai wakamwongezea mkataba hadi 2026. Oktoba 28 wakamfukuza. Desemba wakaachana pia na Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo aliyeanza kazi Julai. Hesabu za klabu zilionyesha kwamba kuagana na Ten Hag, wasaidizi wake na Ashworth kuligharimu takriban pauni milioni 14.5. Mwaka huo huo klabu ilitangaza kuwaachisha kazi wafanyakazi wapatao 250, na katikati ya msimu ikaweka bei ya tiketi zilizosalia kuwa pauni 66, bila nafuu kwa watoto wala wazee. Naye shabiki, hata yule wa Kisumu au Nakuru, alikuwa akishughulika kumtukana Mholanzi. Akaletwa Ruben Amorim kutoka Sporting ya Lisbon, na msimu huo wa 2024/25 ukaisha timu ikiwa ya 15. Sioni ajabu.

Haki itendeke: mashabiki wa Manchester wenyewe si vipofu. Familia ya Glazer kutoka Marekani ilipoinunua klabu mwaka 2005 kwa fedha za mkopo, baadhi yao walijitenga wakaunda klabu yao, FC United of Manchester. Mei 2021 walivamia uwanja kuwapinga wamiliki hao, hata mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Wanajua mzizi ulipo. Lakini jina jipya la kocha likitangazwa, mzizi husahauliwa na watu wakaanza kuhesabu majani.

Najua kuna atakayeniambia kwamba dawa ni subira, na atanipa mfano wa Ferguson aliyeajiriwa Novemba 1986, akatundikiwa bango la kumfukuza Desemba 1989, kisha akatwaa Kombe la FA mwaka 1990 na ligi mwaka 1993. Mfano huo umetumiwa hadi umechakaa, na unapotosha. Subira peke yake haijafunga bao. Mwenye kumsubiri kocha asiyefaa hupoteza miaka tu. Mfano ulio bora ni wa Arsene Wenger. Alipoletwa Arsenal mwaka 1996 kutoka Japani, gazeti moja la London liliuliza kwa dharau ni Arsene yupi huyo. Mashabiki wengi nao hawakumjua. Lakini David Dein, makamu mwenyekiti wa klabu, alimjua. Walikuwa wamefahamiana tangu 1989, na alijua alitaka kubadilisha nini katika klabu yake na kwa nini Mfaransa huyo ndiye aliyefaa. Mataji mawili kwa mpigo yalikuja mwaka 1998, na msimu mzima wa ligi bila kushindwa ukaja 2003/04. Umaarufu wa jina haukuwa na kazi hapo. Ilikuwa ni mwajiri aliyejua anachokitafuta.

Walimu wataniwia radhi nikiwagusa. Mara ngapi tumesikia kwamba wazazi wamefunga lango la shule ili mwalimu mkuu mpya asiingie, eti si mtu wa kwao au matokeo ya alikotoka hayakuwa mazuri? Madarasa hayana walimu wa kutosha, maabara haina vifaa, na hakuna aliyefunga lango kwa sababu hiyo. Mtu mwenye sura ni rahisi kumzomea kuliko bajeti.

Sasa turudi nyumbani, ambako jambo hili lina uchungu zaidi. Agosti 2019 kampuni ya SportPesa ilivunja udhamini wake wa michezo nchini kutokana na mzozo wa kodi. AFC Leopards na Gor Mahia wakabaki bila mdhamini. Kocha wa Leopards wakati huo alikuwa Mnyarwanda, Casa Mbungo. Alifundisha timu bila mshahara kwa muda, na kufikia Desemba akajiuzulu akarudi kwao. Mashabiki wa Ingwe walipompokea mwanzoni mwa mwaka walijadili mbinu zake: atatumia washambuliaji wawili au mmoja? Swali la nani atamlipa, kwa fedha gani, na itakuwaje mdhamini akiondoka, halikupata wasemaji wengi.

Na klabu hizo mbili, tofauti na ile ya Manchester, hazina mmiliki wa ng'ambo wa kulaumiwa. Ni za wanachama, na viongozi wake huchaguliwa kwa kura. Shabiki wa United aliye Kakamega hana sauti yoyote Old Trafford hata akipiga kelele mpaka koo likauke. Shabiki wa Ingwe au K'Ogalo anayo, mradi alipe ada ya uanachama na ahudhurie mkutano. Anaweza kusimama mbele ya mwenyekiti na kumuuliza ni nani waliomhoji kocha, walimlinganisha na nani, na mshahara wake wa mwaka mzima uko katika akaunti gani. Nawafahamu vijana wengi wenye jezi tatu tatu za klabu za Uingereza. Kadi ya uanachama ya klabu ya hapa nyumbani sijaiona mikononi mwao.