Pointi za Ndege Ni Cha Juu

Mwaka nilipojenga chumba cha uani, fundi wangu hakukubali kununua saruji popote isipokuwa duka moja la njia panda. Nondo pale, bati pale, hata misumari ya nusu kilo. Nilipomwambia duka la mtaa wa pili linauza mfuko kwa bei nafuu, aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Bosi, saruji ya kule haishiki." Nembo ileile, kiwanda kilekile, lakini ya kule haishiki. Ukuta ulikuwa umeshafika kwenye linta ndipo nikajua kwamba kwa kila mfuko ninaolipia, mwenye duka anamtengea fundi shilingi 500. Hela hiyo ina jina, na kila aliyewahi kujenga Dar es Salaam analijua: cha juu.

Nimemkumbuka fundi huyo kwa sababu ya rafiki yangu, afisa wa shirika moja lisilo la kiserikali, niliyemsindikiza Jengo la Tatu la uwanja wa ndege akienda Geneva kwenye semina ya siku tatu. Njiani alinisimulia kwa fahari jinsi alivyombana mtu wa tiketi ofisini kwao. Kulikuwa na ndege nyingine, inayofika mapema zaidi, nafuu kwa dola zaidi ya 200. Akaikataa. "Ndugu yangu, kule sina pointi. Huku zimebaki safari mbili tu nipate kadi ya dhahabu." Desemba, pointi hizo zitampeleka yeye na mkewe Dubai. Nilimpongeza, tukaagana. Nikiwa narudi mjini kwa Barabara ya Nyerere, nikajiuliza nimempongeza kwa lipi.

Imani iliyoenea ni kwamba pointi ni zawadi. Shirika la ndege linamshukuru abiria wake mwaminifu, abiria anafurahi, na hakuna aliyeumia. Anayezikusanya kwa wingi tunamwona mjanja wa mjini, mtu aliyeugundua mlango ambao sisi wengine tunaupita tu. Mimi nasema pointi za ndege, kwa sehemu kubwa, ni cha juu: malipo ya pembeni anayopewa mtu anayechagua tiketi, ili achague kwa faida yake wakati hela ni ya mwingine. Na wewe unayejilipia nauli, unayedhani nawe umealikwa kwenye karamu hiyo, ni mmoja wa wachangiaji wake.

Tuanze na asili yake. Hadi 1978 serikali ya Marekani ndiyo iliyosimamia nauli na njia za ndege za ndani. Mwaka huo sheria mpya ikaondoa udhibiti huo, na mashirika yakaanza kupigana kwa bei. Vita ya bei humpendeza abiria na humkondesha mwenye ndege. American Airlines, chini ya Robert Crandall, ikatafuta namna ya kumfunga mteja bila kumpunguzia nauli, na tarehe 1 Mei 1981 ikazindua mpango wa AAdvantage. United ikafuata ndani ya siku chache.

Mteja aliyewindwa hakuwa bibi anayekwenda kumwona mjukuu mara moja kwa mwaka. Alikuwa yule anayeruka kila wiki kwa kazi na kununua tiketi dakika za mwisho kwa bei yoyote atakayotajiwa. Huyo huwezi kumvuta kwa punguzo, kwa kuwa nauli haitoki mfukoni mwake. Ukipunguza dola 50, atakayefurahi ni mhasibu wa kampuni. Lakini ukimpa yeye mwenyewe safari ya bure kwenda Hawaii na wanawe, atakutetea mbele ya mhasibu huyo kama fundi wangu alivyolitetea duka la njia panda. Wahenga walishasema, mkono mtupu haulambwi.

Kwa miaka mingi hesabu angalau ilikuwa ya wazi. Ulilipwa kwa umbali, na ndiyo maana hadi leo wengi huziita maili. Mwaka 2015 Delta na United, kisha American mwaka 2016, wakaacha kuhesabu umbali na kuanza kuhesabu dola. Watu wawili wanakaa viti vya jirani, wanakula chakula kilekile, wanashuka uwanja uleule. Aliyelipa dola 400 miezi mitatu kabla anapata robo ya pointi za yule ambaye ofisi yake ililipa 1,600 jana jioni. Huku kwetu nako, kwenye Emirates, ambayo wasafiri wengi wa Dar na Nairobi huipanda kupitia Dubai, tiketi ya bei ya chini huingiza maili chache kuliko ya bei ya juu ya daraja hilohilo, na maili hizo hudumu miaka mitatu tu. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Hapa kamba ni nauli, na kamba ndefu kuliko zote ni ile ambayo mwisho wake umefungwa kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Ndiyo maana hata mgawanyo tuliozoeshwa, wa wasafiri wa biashara na wasafiri wa mapumziko, unatupoteza. Panda ndege ya kwenda Guangzhou uangalie nani amekaa wapi. Mama wa Kariakoo anayekwenda kufungasha nguo na vyombo, mfanyabiashara wa kweli, mwenye mtaji wake na hasara yake, yuko nyuma kwenye daraja la kawaida. Mbele, kwenye daraja lililopewa jina la biashara, wamejaa watu ambao hawajawahi kuuza hata karanga. Mama huyo amelinganisha bei za mashirika manne, ameuliza mizigo mingapi ya kilo 23 inaruhusiwa, amekubali kulala Addis Ababa kama ndiko kunakookoa hela. Kila shilingi aliyookoa imemnyima pointi. Kwa macho ya mfumo huu, kutumia akili katika kununua ni ukosefu wa uaminifu.

Mstari wa kweli basi haupiti kati ya kazi na likizo. Unapita kati ya anayelipa na anayelipiwa.

"Lakini hata sisi wa nyuma tunapata kidogo kidogo," utaniambia, "na haba na haba hujaza kibaba." Methali hiyo ni ya kweli pale kibaba kinapokuwa chako. Hapa kibaba ni cha muuzaji, naye ana ruhusa ya kukipanua usiku ukiwa umelala. Mwaka huohuo wa 2015 Delta iliondoa hadharani jedwali lililokuwa likionyesha tiketi ya bure inahitaji maili ngapi. Tangu hapo bei ni ile utakayoikuta siku utakayouliza. Shangazi yangu aliweka pointi za shirika moja kwa miaka, safari za kwenda Muscat kwa mwanawe, akingoja zitoshe tiketi moja. Zilipotosha, aliambiwa viti vya pointi vimekwisha kwa miezi yote ya likizo, na kwamba hata akipata kiti atalipa kodi na tozo zilizokaribia nauli ya kawaida. Alipoamua kungoja zaidi, muda wa kuzitumia ukaisha. Pointi zikafutika bila hata barua ya pole.

Wapenzi wa pointi wana masimulizi yao ya ushindi. Wanalolipenda zaidi ni la mhandisi mmoja wa California ambaye mwaka 1999 alinunua vikombe 12,150 vya pudini kwa takriban dola 3,000, kwa sababu ya tangazo lililokuwa kwenye vifungashio, akavuna maili zaidi ya milioni moja. Ni hadithi tamu. Ni tamu kama ya mshindi wa bahati nasibu, na inafanya kazi ileile: kuwafanya wasioshinda waendelee kununua.

Mapato makubwa yako kwingine. Delta peke yake mwaka 2023 ilipata karibu dola bilioni 7 kutoka American Express, ambayo hununua maili ili iwagawie wenye kadi zake. Mwaka 2020, ndege zilipolala chini kwa sababu ya korona, United iliuweka mpango wake wa pointi rehani ili ikope, na mpango huo ukathaminiwa kwa takriban dola bilioni 22, zaidi sana ya thamani ya hisa zote za shirika lenyewe wakati ule. Rudia kuisoma sentensi hiyo. Kampuni yenye mamia ya ndege, na marubani wake, na njia zake za angani, ilikuwa na thamani ndogo sokoni kuliko daftari la pointi zake. Shirika linachapa noti zake, linapanga zitanunua nini, na linaamua zife lini, bila benki kuu ya kulisimamia. Zawadi haifanyi biashara ya namna hiyo.

Najua hoja ya rafiki yangu wa Geneva, kwa sababu ameshaniambia. Anayesafiri kwa kazi anateseka: analala viwanja vya ndege, anakosa harusi na misiba, mtoto anaanza kutembea yeye yuko hotelini. Kwa nini asifutwe jasho? Afutwe. Ndiyo maana kuna posho ya safari, inayoandikwa, inayosainiwa, inayokaguliwa. Kama posho haitoshi, adai iongezwe. Kinachonisumbua ni fidia inayopanda kadiri mwajiri anavyotozwa zaidi. Afisa manunuzi akichukua asilimia fulani kwa mwenye kiwanda cha viti ili ofisi inunue viti vya bei ya juu, tunawaita TAKUKURU, watu wa kuzuia rushwa. Afisa miradi akichukua maili ili ofisi inunue kiti cha bei ya juu kwenye ndege, tunamwuliza kadi yake ni ya rangi gani. Tofauti ya viti hivyo viwili ni kwamba kimoja kinaruka.

Wapo waliolichukulia jambo hili kwa uzito. Ujerumani, Julai 2002, gazeti la Bild lilifichua wanasiasa waliotumia maili za safari za kibunge kwa safari zao binafsi. Gregor Gysi akajiuzulu uwaziri wa uchumi wa jimbo la Berlin. Cem Özdemir wa chama cha Kijani, aliyekuwa pia na suala la mkopo binafsi, akaachia nafasi zake. Alikuja kurudi, na mwaka 2021 akawa waziri wa kilimo. Lakini kwamba mtu alipoteza cheo kwa sababu ya maili, huku kwetu ingesikika kama kichekesho. Mwaka huohuo wa 2002 Norway ilizuia shirika la SAS kutoa pointi kwenye safari za ndani, kwa sababu ya kiushindani: pointi zilimfunga msafiri wa kazi kwa shirika kubwa, na shirika jipya lenye nauli nafuu lilikosa pa kuingilia. Zuio hilo lilidumu hadi 2013. Marekani ilielekea upande mwingine. Hadi mwishoni mwa 2001 maili za safari za serikali kuu zilikuwa mali ya serikali, kisha Bunge likawaachia watumishi. Mwaka uliofuata mamlaka ya kodi ikatangaza kwamba haitazitoza kodi maili za safari za kazi. Cha juu kikahalalishwa.

Sisi tumechagua kutolitazama. Novemba 2015, Rais John Magufuli alipozuia safari za nje za watumishi wa umma zisizo za lazima, tulijadili nauli, tukajadili posho, tukajadili nani anastahili daraja la kwanza. Mwaka 2023 Kenya nayo ilitangaza kukata bajeti ya safari za maafisa wake, na mjadala ukawa uleule. Sikusikia mtu akiuliza pointi za safari zilizokwisha kufanyika ziko kwenye akaunti ya nani. Mlipakodi alilipia zile ndege. Mchumia juani hulia kivulini, ila huyu wetu alichuma juani na kivulini akakaa mwingine.

Sidai kadi zichomwe. Ofisi, iwe ya umma, ya kampuni au ya wafadhili, iandike kwenye kanuni zake kwamba pointi za safari iliyolipia ni zake na zitumike kwa safari yake ijayo. Msafiri asichague tiketi peke yake. Achague anayelipa, kwa bei, muda na usalama. Na wewe unayekwenda Umra, au kumwona dada Toronto, au Guangzhou kufuata mzigo, unapolinganisha nauli zipe pointi thamani ya sifuri. Zikija, shukuru. Usilipe hata dola kumi zaidi kwa ajili yake.

Fundi wangu sikumfukuza. Tulikaa kibarazani, nikamwambia ninachojua, akainamisha kichwa. Nikamwongeza ujira wa siku, nikamwambia vifaa nitanunua mwenyewe. Alifikiri kidogo, akakubali. Asubuhi yake alinikuta nimeshaleta mifuko kumi kutoka duka la mtaa wa pili. Akachota saruji kiganjani, akaisugua kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kama mtaalamu.

"Hii bosi," akasema, "inashika vizuri sana."