CHAPA badala ya PRINT

Wenzangu wa lugha husema kompyuta imezaliwa na Kiingereza. Mimi nakataa. Tazameni Commodore 64 ya mwaka 1982. Ukiandika 5 kwenye anwani 40960 kisha ukaisoma, itakujibu 148. Ile 5 haikupotea: imekaa chini, kwenye kumbukumbu inayoandikika, imefunikwa na kumbukumbu isiyofutika yenye lugha ya BASIC. Basi soma kila anwani hadi 49151 na uiandike palepale (utadhani ni upuuzi), halafu weka 54 kwenye anwani 1. Kifuniko kinaondoka, nakala inashika kazi. Sasa amri PRINT igeuze CHAPA, herufi tano kwa tano, ya mwisho ukiiongezea 128. Mashine inatii. Kwa nini kitivo chetu hakifundishi hili kwenye sarufi?