Grisi Haifufui Beringi Iliyokufa

Nimekuwa kimya hapa karibu wiki mbili, na wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kazi au nimeoa. Sijaoa. Nilivuka maji kwenda Unguja kumwangalia binamu yangu, ambaye mkono wake wa kushoto umefungwa hogo kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko.

Binamu anaongoza watalii kwa zile pikipiki za magurudumu manne, kaskazini mwa kisiwa upande wa Nungwi. Kama umewahi kufika kule umewaona: msafara wa pikipiki tano sita, vumbi jekundu, wageni wamejifunga vitambaa puani. Ukiwa kando ya barabara unadhani ni kazi ya raha tupu.

Pikipiki yake ilianza kuunguruma gurudumu la nyuma. Akamwambia bosi. Bosi akajibu, "Pigeni grisi, msimu huu." Wakapiga. Ikanyamaza siku mbili, ikarudia. Akasema tena, ikapigwa grisi tena. Mara ya tatu aliposema, akaambiwa anaogopa kazi. Siku chache baadaye, akiwa anairudisha bila abiria, ekseli ilikatika, gurudumu likachomoka na kipande chake, na yeye akarushwa kwenye mawe. Hapo hakuna ajabu kubwa, chuma hukatika. Kilichonipandisha damu ni hiki: bei ya ekseli mpya inakatwa kwenye mshahara wake, kwa awamu. Eti anaendesha vibaya.

Sasa jamani, mimi si fundi. Nimesoma uandishi wa habari na ninajua kubadilisha balbu. Lakini nilikaa siku nzima gereji kwa mzee mmoja anayezitengeneza, nikamwamkia, nikaomba anieleze kama anavyomweleza mtoto. Akacheka, akanionyesha. Na baada ya siku hiyo najua kwamba binamu yangu ameonewa.

Sikilizeni. Magurudumu yote mawili ya nyuma yanashikwa na ekseli moja. Ekseli hiyo inapita ndani ya bomba, na ndani ya bomba kuna beringi mbili, moja kila upande. Beringi ni pete mbili za chuma na goroli katikati. Pete ya ndani inazunguka na ekseli, ya nje imetulia. Kwa nje kuna sili za kuzuia maji na mchanga. Sili ikichoka, maji ya chumvi yanaingia, na pale Nungwi watu wanapita ufukweni kila siku. Kutu inazila goroli, mchanga unazisaga. Muungurumo ule ni sauti ya goroli zinazosagika.

Na grisi je? Hapa ndipo mzee alipokasirika. Beringi nyingi siku hizi zinakuja zimefunikwa raba pande zote mbili, grisi iko ndani tayari toka kiwandani. Ukisukuma grisi kwa pampu kupitia niple ya kwenye bomba, inajaza nafasi iliyo kati ya beringi mbili. Kwenye goroli haifiki! Ukizidisha, inasukuma sili nje, na sasa umewafungulia mchanga mlango. Kama unataka grisi ifike, unatoa raba ya upande wa ndani kabla ya kufunga beringi, ikiwa bado nzima. Grisi hulinda kilicho hai. Goroli iliyokwishaliwa hairudi kuwa mviringo hata ukimwaga debe zima.

Basi wao walikuwa wanafunika sauti. Na huku pete ya ndani imekaza kwa kutu, ekseli inazunguka ndani yake na kuliwa polepole, hadi ikabaki nyembamba na kukatika. Nimekiona kipande. Pale kilipokatikia kimechongeka kama penseli. Hilo halitokei kwa kona moja mbaya. Ni kazi ya wiki nyingi za "pigeni grisi".

Bosi atasema biashara ni ngumu, kufungua ekseli ni siku nzima. Nimeiona kazi yenyewe. Unapiga jeki, unatoa magurudumu, unalegeza mnyororo, unafungua nati kubwa, unachomoa ekseli. Unagonga beringi za zamani zitoke, unasafisha kwa mafuta ya taa. Mpya unazisukuma kwa pete ya nje tu, kwa sababu ukigonga pete ya ndani unaziumiza goroli kabla hazijaanza kazi. Kibomba cha katikati usikisahau, maana ndicho kinachozuia beringi kubanwa ubavuni. Sili mpya, grisi kwenye midomo yake, basi. Mzee na kijana wake walimaliza kabla ya alasiri. Na kama msimu umebana, si kuna masika? Machi hadi Mei wageni ni wachache, pikipiki zimelala chini ya makuti. Kwa nini zisifunguliwe wakati huo?

Hata kununua si fumbo. Namba imeandikwa kwenye beringi yenyewe. Ukiona 6205, kwa mfano, tundu lake ni milimita 25, upana wa nje 52, unene 15. Herufi 2RS maana yake raba pande mbili. Bei ya beringi mbili na sili zake ni sehemu ndogo tu ya bei ya ekseli. Bosi alibana kidogo akapoteza kingi, halafu akamgeuzia hasara kijana aliyemwonya mara tatu.

Lakini nisimseme bosi peke yake. Nasi wa kalamu tumo. Ni mara ngapi nimeandika "ajali ilisababishwa na mwendo kasi", nikaenda zangu kula chipsi? Sijawahi kuuliza nani alikagua gurudumu, na aliyelalamika aliambiwa nini. Bodaboda ikianguka tunamlaumu dereva. Daladala ikichomoka tairi, tunamlaumu dereva, na tukikosa la kusema tunasema ni kazi ya Mungu. Mungu hakumkataza mtu kununua sili.

Na sisi wasomi wa mjini tunaona grisi ni uchafu wa watu wengine. Tunapanda, tunashuka, tunalipa. Ukisikia muungurumo unaongeza sauti ya muziki masikioni. Jaribu hiki, ni bure: gurudumu likiwa juu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, usipande. Lizungushe usikilize. Likisaga, usipande. Hakuna digrii hapo.

Binamu ananiambia niache, atapoteza kazi. Ndiyo maana sijataja jina la mtu wala kampuni. Lakini kile kipande cha ekseli nimeondoka nacho. Kipo hapa mezani pembeni ya kompyuta, na nimemwambia akiamua kudai haki yake, nitavuka tena kukirudisha.

Hivi huko kwenu anayesema "bosi, kinaunguruma" huwa anajibiwaje? Nauliza tu.