Laki Nne za Kodi Isiyokuwepo

Baba alifariki nikiwa kidato cha sita. Hata arobaini haijafika, akaja mtu mmoja nyumbani na mkoba wake, akamwambia mama lazima alipe "kodi ya mirathi" laki nne, la sivyo kiwanja kinachukuliwa na serikali. Mama akauza ng'ombe. Risiti hatukuiona, na yule kishoka hatukumwona tena.

Mwaka jana rafiki yangu anayesoma sheria alinialika kwenye kipindi chao cha sheria ya kodi. Mhadhiri akasema, tena kama jambo dogo tu: Tanzania haina kodi ya mirathi. Nilitamani kunyoosha mkono niulize, "Na ile laki nne yetu je?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nakopa madesa yao. Uingereza kodi hiyo ipo kweli: kwa kawaida ni asilimia 40 ya mali inayozidi pauni 325,000. Kwetu kurithi hakutozwi kodi, ila kuna utaratibu. Ndugu wanakaa kikao, wanapendekeza msimamizi wa mirathi, naye anaomba mahakamani kuteuliwa. Mirathi ya kimila au ya Kiislamu huweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni, anawagawia warithi, kisha anapeleka hesabu mahakamani. Kuwa msimamizi hakumfanyi awe mwenye mali, jambo ambalo baba wadogo wengi hawataki kulisikia.

Kama kiwanja kina hati, jina linabadilishwa kwa msajili wa hati, kwa ada. Kodi inakuja mkiamua kuuza: kuna ushuru wa stempu, asilimia 1, na kuna kodi kwenye faida ya muuzaji. Kiwanja cha milioni 20, ushuru wa stempu ni laki mbili. Hesabu ya darasa la saba hiyo.

Sasa wengi wetu tunaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, basi, yameisha. Hati inabaki na jina la marehemu. Siku ukitaka mkopo benki, au wajukuu wakianza kugombana, ndipo mnajua mlikuwa hamjamaliza kitu.

Wapo watakaosema hayo tuwaachie wanasheria. Mimi nasomea ualimu. Kesho nikipangiwa shule ya kijijini, mjane akipata barua asiyoielewa hatamfuata wakili aliyeko mjini, atakuja kwa mwalimu. Nimwambie nini? Kwamba nilipata A ya saikolojia ya elimu?

DS tunasoma wote, tutake tusitake. Wiki mbili tu za mirathi, usajili wa ardhi na ushuru wake zingetosha. Na kabla hilo halijapita kwenye vikao, serikali yetu ya wanafunzi iwaombe wenzetu wa sheria Jumamosi moja kabla ya likizo, kila mtu arudi kwao na karatasi ya ukurasa mmoja. Najua nyumbani watasema unamtakia mzee kifo. Anza na habari ya jirani, wataelewa.

Kiwanja chetu bado kina jina la baba. Likizo hii naenda na mama mahakamani. Safari hii tutadai risiti kwa kila shilingi.