CHEMSHA BONGO: JE, MAMA, WAJUA?

Mwezi huu tunawaletea maswali sita ya kuulizana baada ya chakula cha jioni. Funika majibu kwa kiganja, watoto wajibu kwanza. Baba naye asijifiche nyuma ya redio!

1. Je, Abunuwasi aliishi kweli?
Ndiyo. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad, akafariki karibu mwaka 814. Lakini vile visa vya ujanja vinavyotuchekesha vingi ni vya kubuni.

2. Sungura aliyeshindwa kuzifikia ndizi, kisha akazisingizia ubichi, ana ndugu?
Anaye! Ni mbweha wa hadithi za Esopo wa Ugiriki. Yeye alishindwa kufikia zabibu.

3. Bwana Msa ni nani?
Ni mpelelezi mvuta kiko katika riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale kilichapishwa mwaka 1960.

4. Mahindi na viazi mviringo vya huku kwetu Mbeya na Iringa, asili yake wapi?
Vyote ni wageni kutoka ng'ambo. Mahindi asili yake ni Meksiko, viazi ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Viazi hupenda baridi, ndiyo maana Uporoto vimejiona viko nyumbani.

5. Chai nyeusi na chai ya kijani ni miche miwili?
La, mche ni mmoja, kama ule wa Mufindi na Rungwe. Majani ya chai nyeusi husagwa na kuachwa hewani yageuke rangi. Ya kijani hupashwa moto mapema yasigeuke.

6. Je, penye chakula tele mtoto aweza kudumaa?
Hapa tusicheke. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni kama 30 katika kila 100. Ghala limejaa, mtoto anashiba, lakini shibe si lishe. Uji wa mahindi matupu hujaza tumbo tu.

Sisi wauguzi twawasihi akina mama: mtoto akitimiza miezi 6, endelea kumnyonyesha, na uji wake utie karanga zilizosagwa laini au maziwa. Mpe pia maharage yaliyopondwa, yai, dagaa, mboga za majani na matunda. Chai usimpe, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma. Hata wewe mjamzito, inywe mbali na mlo. Kwenye mboga kamulia limau, linasaidia. Kliniki nayo, mtoto akishapimwa uzito, omba apimwe na urefu.

Haya, nani kapata yote sita? Huyo leo asioshe vyombo!